Somo, mimi na mwanangu twapaka tyubu moja na hakuna aliyepona

Asalaam aleikum Somo,

Niko Langoni hapa Lamu, mama wa mtoto mmoja. Nakuandikia usiku huu maana mtoto ndo kwanza amelala, amejikuna mpaka shuka limeingia damu, na mimi usingizi umeruka. Nina shida mbili ama labda ni moja, hilo ndo nataka unambie.

Yangu ilianza nilipojifungua. Nilitoka mabaka kwenye visukusuku na magoti, yakapanda nyuma ya masikio mpaka kichwani, yameinuka kidogo, rangi yaelekea zambarau na juu yake magamba meupe yanapukutika. Nikivaa buibui kila mtu ayaona mabegani. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi ndo riziki yangu, sasa juzi wifi yangu kanambia mbele ya wateja nisiguse unga ati huo ni ukoma umeanza. Wallahi Somo nilitamani ardhi inimeze. Wengine wameacha kununua.

Mtoto ni msichana wa miaka 6. Yeye yake iko kwenye mikunjo, mikononi na nyuma ya magoti, na shingoni, ngozi imekuwa nyeusi imekomaa yakwaruza ukiigusa. Alianza mashavuni akiwa mchanga, na kaskazi ikivuma ni chafya na mafua kila siku. Nishamkataza mayai, samaki, maziwa, maharage, sai ni wali na mchuzi wa nyanya tu, amekonda na kujikuna ni kule kule. Idi iliyopita wenzake wakampaka piko mkononi akatoka malengelenge pale pale kwenye maua, alama mpaka leo.

Dawa ni tyubu nilonunua duka la dawa, hata sikuulizwa kitu nikauziwa, twapaka wote wawili sasa ni miezi. Mwanzo ilikuwa maajabu. Lakini sai mtoto kwenye mikunjo ngozi imekuwa nyembamba yang'aa mpaka mishipa yaonekana, na mimi nikiacha siku mbili tatu yanarudi makali zaidi. Kuna mtu pia alinichoma sindano mtaani, nikatakata kabisa, kisha ikalipuka mwili mzima. Asubuhi vidole vyangu vyakuwa vigumu nashindwa hata kukanda unga, lakini hiyo nadhani ni kazi tu.

Sasa kaka yangu kanitumia voisi ya mtu kwenye WhatsApp, asema Wazungu wamefanya utafiti wamepata dawa ya kumaliza soriasisi na pumu ya ngozi kabisa isirudi, na yeye anayo, chupa mbili shilingi 9,500. Mume wangu yuko tayari kukopa. Na twataka mtoto wa pili inshallah, naogopa nitamrithisha. Nifanye nini?

Mama wa Langoni


SOMO AJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Pole, tena pole sana na hayo maneno ya mbele ya wateja.

Naanza na kitu ulichokipitisha mbio mbio ukasema ni kazi tu. Hivyo vidole. Mtu akichoka na kazi vidole vinauma jioni, akilala akiamka ni afadhali. Vyako vinakuwa vigumu asubuhi, baada ya kupumzika, kisha navyodhani vinalegea kadri unavyovitumia. Huo ndo mwendo wa uvimbe wa viungo unaokuja na soriasisi, ugonjwa wa ngozi ambao mabaka yako yanafanana nao. Wagonjwa wa soriasisi mpaka karibu 3 kati ya 10 hupata ugonjwa wa viungo, na ukiachwa unakula mfupa, kidole kikipinda hakinyooki tena. Hebu tazama kucha zako sasa hivi, kama zina vishimo vidogo vidogo kana kwamba zimedungwa na sindano ama zinabanduka kwa mbele, hapo ndo usikae kabisa. Angalia na vidole vya miguu, kimoja kikivimba chote kuanzia shina mpaka ncha mwambie daktari. Hili ndilo litakupeleka hospitali wiki hii, wewe unayetafuta riziki kwa mikono, magamba yanaweza kungoja kidogo lakini viungo havingoji.

Sasa swali lako, ni shida moja ama mbili? Kwa vile ulivyoeleza ni mbili, yako ni soriasisi na ya mtoto ni pumu ya ngozi, na hapa ndo utafiti umefanya kazi kubwa, maana zamani hata madaktari walikuwa wanachanganya. Soriasisi yenyewe ilichanganywa na ukoma karne na karne, watu wakatengwa bure, mpaka mwaka 1841 daktari wa Vienna aitwaye Ferdinand von Hebra akaitenga ikasimama peke yake. Kwa hivo wifi yako amerudia kosa ambalo lishasahihishwa miaka zaidi ya 180. Baka la ukoma linakufa ganzi, ukiligusa na pamba huhisi kitu, lako wewe nadhani unalihisi na linawasha. Bado mwache mhudumu wa afya alipime kwa macho yake ili mdomo ufungwe, na hata ungekuwa ukoma, unatibika na dawa zake ni za bure. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio likataja wazi kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu usioambukiza. Usioambukiza, mwambie wifi. Kanda mahamri yako. Jifunge tu kilemba vizuri magamba yasidondoke, na siku mikono imepasuka vaa glavu kwa ajili yako wewe maana chumvi na amira zitakuchoma.

Ugonjwa wako unatoka ndani, kwenye kinga ya mwili. Ngozi ya kawaida huzaliwa chini na kupanda mpaka ikapukutika kwa kama mwezi mmoja, kwenye soriasisi safari hiyo inakwisha kwa siku chache tu, ngozi inarundikana haijakomaa ndo unaona magamba. Na nani aliyejua kwamba kinga ndo chanzo? Ilikuja kwa bahati. Mwaka 1979 madaktari walikuwa wanajaribu cyclosporine, dawa ya kuzuia mwili usikatae figo la kupandikizwa, kwa wagonjwa wa viungo, na wale waliokuwa na soriasisi mabaka yao yakaanza kufutika. Hapo wakajua askari wa mwili ndo wanaoshambulia ngozi ya mwenyewe. Baadaye wakapata na majina ya ujumbe wanaotumiana hao askari, intalukini 23 na intalukini 17, na wakapata jeni moja kubwa inayobeba hatari hiyo, HLA-C*06:02. Jeni peke yake haitoshi lakini, lazima kitu kiiamshe, kama maambukizi ya koo, mawazo mazito, sigara, dawa fulani za presha, mkwaruzo kwenye ngozi, na kuna wanawake wengi ambao kama wewe iliwatokea ama iliwazidi baada ya kujifungua. Hukurogwa na hukukosea mtu. Dua soma, Mtume wetu mwenyewe ametuambia tutafute dawa, mambo hayo mawili hayagombani.

Ya mtoto ni pumu ya ngozi, wengine huiita ekzema, na hizo chafya za kaskazi ni ndugu yake. Hapa tatizo moja kubwa liko kwenye ngozi yenyewe. Fikiria ukuta wa mawe wa nyumba zetu za kale hapo Mkomani, chokaa ikibanduka unyevu wa ndani unatoka na chumvi na vumbi vinaingia. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee kule Scotland na wenzao wa Ireland waligundua kwamba watu wengi wenye pumu ya ngozi wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayoshikilia ngozi ya juu na kuitia unyevu. Ila na hili nataka ulijue kwa sababu mara nyingi hatuambiwi, hitilafu hiyo ni ya Wazungu na Waasia zaidi, kwa watu weusi ni chache. Kwa hivo kwetu kuna sababu nyingine bado zinatafutwa, na mimi inaniuma kwamba tafiti nyingi zimefanywa kwa ngozi nyeupe. Hata vitabu vinasema tafuta wekundu! Kwa mtoto wako wekundu utauona wapi, wake ni weusi wa kijivu na vipele vidogo kwenye vinyweleo na ngozi iliyokomaa, hivo hivo ulivyoandika, na muuza dawa aliyezoea picha za vitabuni anaona ni choa.

Kinga nayo imo kwenye pumu ya ngozi lakini ni tawi jingine, intalukini 4 na 13, na ile 31 inayoleta muwasho. Ndo maana dawa mpya pia zimegawanyika. Dupilumab, sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, inaziba 4 na 13, ni ya pumu ya ngozi, na tangu 2022 hata watoto wa miezi 6 wameruhusiwa kule. Secukinumab ya mwaka 2015 inaziba 17, ni ya soriasisi, na zipo nyingine za kuziba 23. Na kuna watu waliopewa dupilumab kwa pumu ya ngozi wakatokwa na mabaka ya soriasisi, ndo ujue hizi njia ni mbili kweli.

Basi turudi kwa huyo bwana wa voisi. Kasikia kweli kuna utafiti, hapo hajadanganya. Uongo unaanza kwenye neno kumaliza. Lile azimio la 2014 limeandika pia kwamba soriasisi haina dawa ya kuiponya moja kwa moja, na hizo sindano mpya zenyewe, na bei yake si ya kuitaja, zinatuliza muda unaozitumia, ukiacha kwa wengi inarudi. Sasa dawa moja, chupa moja, imalize magonjwa mawili yenye njia mbili tofauti? Na mara nyingine hizo za miti zinafanya kazi kwa siri mbaya. Uingereza mwaka 1999 walipima krimu 11 za mitishamba zilizotolewa kwa wagonjwa wa ngozi, 8 zilikutwa na dexamethasone ndani, steroidi kamili, yaani dawa kali ya kuzima uvimbe na kinga, bila kuandikwa. Hiyo 9,500 msikope. Ni nauli ya kuvuka Mokowe mpaka Mombasa na kurudi na dawa halali juu yake.

Tyubu sasa. Ichukue usome kwa herufi ndogo. Ukikuta clobetasol hiyo ni kali kuliko zote, na ukikuta dawa tatu pamoja, ya steroidi, ya fangasi na ya bakteria, hiyo ni ya kubahatisha, anayeuza hajui ni nini basi anapiga zote. Kwenye kisukusuku cha mtu mzima ngozi ni nene, dawa kali kwa wiki chache kisha kupunguza polepole inakubalika. Kwenye mkunjo wa mtoto wa miaka 6 kwa miezi, ndo huo wembamba na mishipa unayoiona. Lakini tafadhali usije ukaogopa steroidi zote ukamwacha mtoto akajikuna usiku kucha, na hili nalisema kwa uchungu maana nimefanya unesi miaka mingi na nimeona watoto waliotengwa na dawa sahihi kwa hofu ya mama. Kuna hafifu kama hydrocortisone 1% za uso na mikunjo, kuna za wastani za mwili. Hupakwa vizuri mpaka ngozi itulie, sio kudonadona, kisha kwa wenye kurudi rudi hupakwa siku mbili tu kwa wiki pale panapopenda kutoka. Kipimo ni krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, hiyo yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima na vidole vyake. Kwa ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba daktari atakuchagulia, kuna tacrolimus ya kupaka ambayo si steroidi na haikondeshi ngozi.

Na mafuta, mama, mafuta ndo kazi ya kila siku. Aoge maji ya kawaida si ya moto, kwa muda mfupi, sabuni isiyo na harufu, ukimpangusa mpake papo hapo ngozi ikiwa bado ina umaji. Vaselini tupu yafaa. Mafuta ya nazi masafi yamejaribiwa kwa watoto wenye pumu ya ngozi yakaonekana kusaidia, yako hapo kwako usitafute mbali. Ya zeituni najua tunayapenda na yana heshima yake, lakini kuyapaka kwenye ngozi ya namna hii yameonekana kuudhoofisha ule ukuta, ale tu. Liwa, marashi na kufukiza nguo zake udi, simamisha kwa mtoto huyu. Maji ya mwarubaini pia yanakausha na kuwasha penye vidonda.

Chakula mrudishie! Mtoto anayekula yai akavimba midomo ama kutoka vipele vya ghafla au kutapika ndani ya dakika chache mpaka saa mbili hivi, huyo ana aleji na aonwe. Wako hukuandika hivo, na umemkataza vyote na bado anajikuna, jibu umeshalipata mwenyewe. Anahitaji samaki na mayai akue. Ukiona maji ya njano na magamba ya asali kwenye ngozi, bakteria wameingia, apelekwe. Ukiona malengelenge mengi madogo yanayouma yenye vishimo na homa, siku hiyo hiyo hospitali ya King Fahd, usingoje kesho.

Wewe, sindano za mtaani na vidonge vya steroidi kama prednisolone usiguse tena kwa soriasisi. Inatulia kisha ikiisha nguvu inalipuka, hivo ilivyokufanyia, na wengine hutoka usaha mwili mzima wakalazwa. Daktari wa ngozi, ama afisa wa ngozi aliyesomea, wengine wamepitia chuo cha ngozi kule Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kinachofundisha watu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, atakuanzia na krimu yako mwenyewe, pengine calcipotriol ambayo ni jamii ya vitamini D, salicylic acid ya kulainisha magamba, shampuu ya lami ya kichwani. Jua pia lasaidia soriasisi, na visukusuku vyako viko ndani ya buibui mwaka mzima, kaa kidogo juu ya dari asubuhi ukiwa peke yako, dakika chache tu usiungue maana ngozi ikiungua soriasisi huota pale pale palipoungua. Mombasa uliza kuhusu tiba ya mwanga wa UVB, hiyo hata mjamzito hupewa.

Hili la mimba lishike sana. Kwa viungo huenda ukaandikiwa methotrexate. Ni dawa ya zamani na nzuri na bei si mbaya, lakini humezwa siku moja kwa WIKI, kuimeza kila siku kumeua watu, na inataka vipimo vya damu. Na inaharibu mimba. Acitretin nayo, dawa nyingine ya soriasisi, ukiimeza hutakiwi kushika mimba mpaka miaka 3 baada ya kuacha. Kwa hivo kabla daktari hajashika kalamu mwambie mnataka mtoto, atawapangia njia nyingine, zipo. Wanawake wengi soriasisi hupungua wakiwa na mimba kisha ikarudi baada ya kujifungua, basi jipange na miezi hiyo mapema.

Kurithi, ndiyo, vyote viwili vinatembea kwenye familia, lakini watoto wengi wa mama mwenye soriasisi hawaipati. Na usije ukauziwa mafuta ghali ya kumkinga mchanga, Uingereza walipaka watoto wachanga kila siku mwaka mzima, walichunguza watoto 1,394, majibu yakatoka 2020, hayakuzuia pumu ya ngozi. Mafuta ni ya kutibu ngozi kavu ikishakuwa, kwa mtoto ambaye ngozi yake iko salama usijisumbue.

Piko nimeibakisha. Ile nyeusi ya dukani ina kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, na mtoto akishatoka malengelenge mara moja mwili hausahau, mara ya pili huwa mbaya zaidi, na hata akiwa mkubwa asipake rangi nyeusi ya nywele kabla ya kumwambia daktari. Waambie shangazi zake na wapaka hina wote kabla ya harusi ijayo. Hina ya majani, ile nyekundu ya kutwangwa nyumbani bila kuchanganywa kitu, kwa wengi haina shida, ila kwake ngoja kwanza mikono itulie.